Ningi Aliyekosa Pumzi

Igoma, Mwanza
11 Januari 2025

Mpwa wangu Odeta,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila naitika mapema kwa sababu barua yako ikija itakuwa imechelewa, na mimi sipendi shikamoo ya mtu ikae njiani bila kuitikiwa.

Sisi huku wazima. Mama Yakobo mzima, anakusalimu, anauliza kama Wahaya wameshakuoa kimyakimya au bado unawachagua. Yakobo amenunua pikipiki, sasa hatumwoni tena, tunamsikia tu akipita. Mvua imeanza vizuri na mahindi yamekubali. Mbuzi wa jirani nao wameyakubali.

Utashangaa kuona mjomba wako, mtu wa simu, anaandika barua na kumpa kondakta wa basi la Bukoba. Simu za siku hizi zina kelele. Unaongea, mwenzako anasikia upepo tu. Tena mtunzi lazima mkono wake ufanye mazoezi.

Afya yangu ni nzuri mno, mpaka naionea aibu. Wenzangu wote waliacha kujifukiza ule ugonjwa ulipoondoka, ule ambao kwanza haukuwepo. Mimi sijaacha. Kila jioni blanketi, sufuria, mwarobaini, malimao, mchaichai. Mama Yakobo anasema kama ningekuwa maharage angeshaniepua zamani. Mwanamke huyu hajui kinga ni nini. Shida yangu ni moja tu, viatu. Nimenunua pea ya pili tangu Novemba, na hivi navyo asubuhi vinaingia, jioni vimesinyaa. Fundi wa Mkuyuni ameanza kuiba ngozi.

Sasa jambo lenyewe. Mashindano ya ngoma ni Juni kama kawaida, vyama vyetu viwili, Wagalu na Wagika. Mimi bado ni ningi wa Wagalu wa Igoma, mtunzi na mwongoza wimbo, hilo halijabadilika. Ila mwaka huu nimeamua kuwapa vijana nafasi. Naomba unitungie wimbo mmoja wa kuwasema Wagika, hasa yule Chenge, ningi wao. Usiwe mrefu. Mistari iwe mifupi, ya kuimbika bila haraka. Nakuuliza wewe kwa sababu ulikuwa mwanafunzi wangu kabla hujawa nesi, na kichwa chako kilikuwa kikali kuliko cha Yakobo, ambaye kichwa chake sasa kimo ndani ya helmeti.

Wako,
Mjomba Masele


Bukoba
2 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo, ingawa umeshaiitikia. Msalimie Mama Yakobo. Mwambie Wahaya hawajanioa, wanasema mtu anayekula ugali kwa hiari yake lazima achunguzwe kwanza. Mimi nawaambia mtu anayeita ndizi chakula cha mchana naye ana lake.

Mimi mzima. Bado niko kliniki ya watoto. Nachoma chanjo tangu asubuhi, watoto wanalia, mama zao wananitazama kama mimi ndiye niliyeleta surua. Getini kwetu ile ndoo ya kunawia mikono ya enzi zile bado ipo. Imeandikwa kwa rangi nyekundu NAWA HAPA, na ndani yake mlinzi anaweka mwavuli wake. Barakoa tulizobakiwa nazo tunafunikia maandazi. Kwa hiyo unaona tumejifunza mengi.

Wimbo sitautunga. Usinikasirikie. Sijatunga kitu tangu mwaka 2021 na sijisikii vibaya, ni kama mtu aliyeacha kuvuta sigara. Hata kwaya ya hospitali nimeiaga. Mtafute Yakobo, mvue helmeti.

Sasa na mimi nina langu. Mjomba, viatu havisinyai jioni. Hakuna ngozi duniani yenye tabia hiyo. Kinachobadilika ni miguu, inavimba. Bonyeza kwa kidole juu ya kifundo, uone kama shimo linabaki. Halafu nijibu maswali haya kama mtu mzima: unalalia mito mingapi? Unakohoa usiku? Ukipanda kale kamlima ka nyumbani kutoka barabarani, unapumzika mara ngapi? Na kwa nini hunipigii simu? Mtandao wa Igoma ninaujua, una nguvu kuliko wa kwetu.

Mpwa wako,
Odeta


Igoma
20 Machi 2025

Odeta,

Marahaba. Barua yako nimeipata zamani, nilikuwa na shughuli. Shughuli gani, hiyo ni siri ya wasanii.

Habari za hapa ni njema. Mama Yakobo amefuga kuku wa mayai, sasa tunaishi kwa ratiba ya kuku. Yakobo ameanguka na pikipiki, hakuumia, pikipiki ndiyo iliyoumia.

Nimesoma maswali yako. Yamenikumbusha kituo cha polisi. Kuhusu mito, sina haja nayo. Nalala nimeketi kwenye kiti cha mkono, kile cha sebuleni, tangu mwaka jana. Ni utaratibu wa watunzi. Ukilala chali mawazo yanarudi nyuma. Mama Yakobo ndiye peke yake anayejua, na sasa wewe, na naomba ibaki hapo, maana watu hawaelewi sanaa. Kamlima sikapandi siku hizi kwa sababu sina ninachokifuata barabarani.

Usidhani nimezembea. Nilikwenda zahanati. Nikakaa kwenye benchi mpaka nikajua majina ya wajukuu wa kila mgonjwa. Kijana mmoja akaniita, hakunigusa hata kidogo, akaniuliza umri, nikamtajia, akatikisa kichwa kana kwamba nimefanya kosa. Akanipa panadol na kuniambia nipunguze mawazo. Mimi mtunzi. Nikiyapunguza nitabaki na nini?

Basi nikaenda kwa mtaalamu mwingine, Buswelu, ambaye yeye angalau alinitazama. Aliniambia nilichokuwa nakijua siku zote: Wagika wamenifunga kifua. Na hesabu inakubali. Mwaka 2021 nilishikwa na ile waliyoiita changamoto ya upumuaji, nikapona, tukashukuru kanisani. Lakini tangu siku hiyo sijatunga wimbo hata mmoja. Wimbo unakuja mpaka hapa kooni, halafu unakata. Ugonjwa gani unachagua mtu wa ngoma? Mtaalamu amenipa kitu cha kuvaa kiunoni na majani ya kuongeza kwenye sufuria.

Ushahidi ninao. Chenge mwenyewe anakuja hapa kila Jumapili na sato mkubwa, anakaa, ananitazama kifuani, ananiuliza habari ya afya yangu kama mkaguzi wa nyama. Lini umemwona Mgika anamletea Mgalu samaki? Anakuja kuangalia kama dawa yake inafanya kazi. Sato tunamla lakini, Mama Yakobo anampika kwa nyanya nyingi.

Ule wimbo fikiria tena.

Mjomba


Bukoba
6 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pole na kuku. Pole na pikipiki.

Nimeisoma barua yako nikacheka, halafu nikaisoma tena nikaenda kukaa uani peke yangu. Mtu anayelala ameketi, miguu inavimba, hapandi mlima, anakohoa (hukujibu la kukohoa, kwa hiyo unakohoa), si mtu aliyefungwa na Wagika. Ni mtu ambaye moyo wake umechoka kusukuma, na maji yanampanda kifuani akilala. Haya tunayaona kila wiki. Yana dawa. Huponi moja kwa moja lakini unalala chali kama binadamu wengine. Unachotakiwa ni kwenda hospitali kubwa, si zahanati, upigwe picha ya moyo. Bima unayo, mimi mwenyewe nilikuandikisha. Na hayo majani mengine acha, sijui ni majani gani, na mtaalamu wako naye nina wasiwasi hajui.

Unasema ugonjwa gani unachagua mtu wa ngoma. Nitakuambia. Ule mwaka tulipokuwa hatuutaji kwa jina, mimi nilikuwa wodini. Alikuwepo bibi mmoja wa Karagwe, alipenda niimbe wakati namgeuza. Mara ya mwisho niliimba nimevaa barakoa mbili, na aliyeomba wimbo hakuusikia mwisho wake. Nikaumalizia peke yangu kwa sababu ulinifundisha wimbo haukatwi katikati. Ndiyo maana niko kliniki ya watoto, mjomba. Kule wanalia kwa sauti, najua wanapumua. Basi, tusiendelee na hilo.

Ninakuomba sana, nenda hospitali. Sitaki kukuomba mara nyingine.

Halafu, huyo Chenge bado anakaa pale nyuma ya mashine ya kusaga? Nauliza tu. Sato wa kila Jumapili ni jambo la kumshukuru mtu.

Odeta


Igoma
25 Mei 2025

Odeta,

Marahaba. Sote wazima.

Naandika kwa vipande, kalamu hizi nzito. Pole kwa yule bibi. Hukuwahi kuniambia.

Hospitali nitakwenda baada ya ngoma. Ningi haendi hospitali kabla ya ngoma, Wagika watasema kaogopa. Yakobo ataongoza nyimbo zetu za zamani, mimi nitakaa kwenye kiti nionekane. Kuonekana kunatosha.

Kukohoa ni kwa sababu ya vumbi.

Mjomba

Odeta mwanangu, ni mimi Mama Yakobo, nimeifungua hii kabla ya kumpa kondakta. Hamalizi sentensi. Nimemsihi, Yakobo kamsihi, padri kamsihi. Hasikii mtu. Mtu pekee anayemsikiliza duniani ni adui yake.


Bukoba
8 Juni 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama katika kiti chako cha utunzi.

Umeshinda. Sitakusumbua tena na habari za hospitali. Wewe ni mtu mzima, kifua ni chako, na mimi ni nesi wa sindano za watoto tu, nitajua nini mbele ya mtaalamu wa Buswelu.

Kwenye ngoma sitaweza kuja, nina zamu. Ule wimbo ulioniomba nao ndiyo hivyo, sikukuletea. Nawatakia Wagalu kila la heri. Waambie wakuwekee kiti upande wa Wagika, kule kuna kivuli na utasikia vizuri.

Nimefurahi kuona Mama Yakobo anaendelea vizuri na kuku.

Mpwa wako mtiifu,
Odeta


Igoma
14 Julai 2025

Odeta, mtoto wa dada yangu, nyoka niliyemlea mwenyewe,

Marahaba, na safari hii nataka shikamoo yako niisikie kwa masikio.

Mama Yakobo mzima. Kuku wazima. Yakobo ameuza pikipiki, amenunua nyingine mbovu zaidi. Salamu zimeisha.

Nitakusimulia ngoma ilivyokuwa, japokuwa nadhani unaijua kuliko mimi niliyekuwepo. Nilikaa kwenye kiti upande wenye kivuli, mjinga mimi, kama ulivyoniagiza. Unajua mashindano yetu hayana mwamuzi wa kuandika alama. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na duara lake, na mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Yakobo akaanza na nyimbo zetu za zamani. Vijana wakarusha majembe ya kuchezea vizuri, watu wakaja, nikaanza kujiona. Ndipo Chenge akasimama na wimbo mpya.

Sijawahi kumsikia Chenge akiimba hivyo. Chenge ni mtu wa kuimba habari za ng'ombe. Safari hii akaanza taratibu, bila hata kunitazama, kwa Kisukuma safi ambacho hapa nakitia maji kwa Kiswahili:

Masele yuko jikoni, kila jioni kajifunika,
Hata maharage magumu yangekuwa yameiva.
Viatu vinambana, anamtukana fundi,
Lakini miguu ndiyo mikubwa, viatu ni vile...

Akanyamaza. Na uwanja mzima ukamalizia: vilevile! Nikaona Wagalu wangu wa mbele wanageuza shingo.

Usiku analala ameketi kama mgeni anayengoja...

Chai! Hapo watu wakaanza kutembea. Odeta, nimeona watu wakihama uwanja wangu mara nyingi, lakini hawajawahi kuhama wakicheka hivyo. Mama Yakobo alihama. Mke wangu wa ndoa ya kanisani alikwenda na kigoda chake.

Tumeutafuta mkono uliomfunga kifua,
Tumekagua Wagika, mmoja mmoja, tukaukosa,
Mlango wa hospitali u wazi, aliyeufunga ni...

Mwenyewe. Walilisema kwa sauti ndogo hilo, hata waliokuwa wanacheka. Na mimi nikasikia uchungu ambao sijausikia tangu nilipomzika mama yako. Uchungu wa aibu, na wa hasira, na juu ya yote uchungu wa kuona wimbo ni mzuri.

Ningi akiimbwa lazima ajibu palepale. Nikasimama. Jibu lilikuja lenyewe, kali, lote, la kwanza tangu 2021, nililiona lilivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Nikafungua mdomo. Nusu mstari, pumzi ikaisha. Nikavuta, nikaanza tena, ikaishia hapohapo. Yakobo akaja kunishika mkono, nikamsukuma. Unajua Chenge alifanya nini? Alinyanyua mkono akazimisha ngoma zake. Wachezaji wake wakashusha majembe. Uwanja wote ukasimama unaningoja nijibu, na walingoja kwa heshima, hakuna aliyecheka. Ningependa zaidi wangecheka.

Sikuweza. Nikakaa. Chenge akavuka katikati ya uwanja, kitu ambacho haturuhusu, akainama sikioni kwangu.

"Masele, nenda hospitali ukaitafute hiyo pumzi," akasema. "Mwakani nikikushinda, nataka niwe nimekushinda wewe, sio kiti chako."

Jumatatu nilikwenda. Chenge alinisindikiza, aliogopa nitashukia njiani, na kweli nilikuwa nimepanga. Hospitali ni kama ulivyoniambia na mbaya zaidi. Foleni ya kuandikishwa, foleni ya kuambiwa uko kwenye foleni isiyo yako, foleni ya bima ambapo mtandao ulikuwa umekwenda kunywa chai. Chenge aligombana na watu watatu kwa niaba yangu. Sikujua ana kipaji. Mwishoni tukampata daktari, msichana mdogo, akanivua shati, akanisikiliza kifua mbele na nyuma bila haraka, akabonyeza mguu, shimo likabaki, akanitazama akaniuliza nalala vipi. Nikamwambia huo wimbo tayari unaimbwa Igoma nzima, aulizie kwa yeyote.

Wakanilaza. Wakapiga ile picha ya moyo. Umetanuka. Presha nilikuwa nayo siku nyingi, na ule ugonjwa wa 2021 yawezekana uliongeza kazi, daktari hakutaka kuapa. Dawa ni za maisha. Chumvi marufuku, kwa hiyo dagaa wangu wamekuwa wa kutazama. Kuna kidonge kimoja cha kukojoa ambacho ukikimeza usikubali mwaliko wowote mpaka mchana. Kile cha kiunoni nesi alikiona, akakitundika pamoja na koti langu, kwa adabu nzuri kuliko niliyostahili. Sufuria ya kujifukizia Mama Yakobo anaichemshia maji ya kuku.

Viatu vinaingia jioni. Juzi nimelala chali. Mawazo hayakurudi nyuma.

Sasa tufike kwako. Habari ya kulala nimeketi nilimwandikia mtu mmoja tu. Mama Yakobo alikuwa anaijua, lakini Mama Yakobo hawezi kutunga hata salamu. Na ule ujanja wa kuliacha neno la mwisho ili watu walijaze, Chenge hana akili hiyo. Huo nilikufundisha mimi, tukichambua pamba kwa babu yako kule Magu, ulikuwa na mapengo ya meno na ulilia kwa sababu hukulipata neno la kuachia. Nimemuuliza Chenge, akasema wimbo aliuota. Mtu aliyeimba ng'ombe maisha yake yote ameota viatu vyangu.

Nilikuomba wimbo Januari ukanikatalia. Halafu ukautunga, ukampa adui yangu kwa simu, na simu hiyohiyo mimi hukunipigia. Umenivua nguo mbele ya Wagalu na Wagika. Nimekasirika na nitaendelea kukasirika mpaka mwakani, daktari ameruhusu hasira za kiasi.

Lakini nisikilize. Usije ukasema ulitunga kwa sababu mimi naumwa. Ningekuwa mgonjwa tu, ungenitumia maelezo ya daktari. Mtu hatungi mistari ile kwa huruma, Odeta. Kule kwa "tukaukosa" umezungusha sauti mpaka Chenge akashindwa kuifuata vizuri, nilimsikia akipapasa. Aliyefanya vile alikuwa anafurahi. Ulikuwa umekaa mahali, kalamu mkononi, unacheka peke yako. Nataka kuamini hivyo. Yule bibi wa Karagwe wimbo wake uliumaliza bila yeye. Wangu usiumalize bila mimi.

Jibu langu lipo. Limelala hapa kifuani tangu siku ile na sasa lina nafasi ya kutosha. Linakusema wewe, sio Chenge, na linauma. Sitaliandika. Usiniandikie barua tena, na mimi hii ndiyo yangu ya mwisho. Nipigie simu jioni nikishatulia na kile kidonge, ukae kimya, nikuimbie mpaka mwisho wa mstari.

Mjomba wako,
Masele